Mkaguzi wa Afya Akibisha Hodi: Mwongozo Kamili wa Kuuandaa Mkahawa Wako

Wenye mikahawa wengi wakisikia ukaguzi umekaribia, hukimbilia kupaka rangi ukuta na kung'arisha sakafu. Mkaguzi anafika, ukuta ule hautazami hata mara mbili, anatoa kipimajoto mfukoni, anakichomeka kwenye sufuria ya mchuzi iliyoko kaunta, na kabla hajamaliza dakika moja mkahawa umeshaandikiwa kosa la kwanza, tena zito. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja katika miaka niliyosimamia majiko, na kila mara yaliniuma, kwa sababu watu wale walikuwa wamejituma kweli. Walikosea tu mahali pa kuanzia.

Mwongozo huu unaanza na kinachowaumiza watu, kisha unaenda kwenye kinachoonekana kwa macho. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kati ya jiji na jiji, lakini nyingi zinaegemea msingi mmoja: Codex Alimentarius, mkusanyiko wa viwango vya chakula ulioanzishwa mwaka 1963 na FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Shirika la Afya Duniani. Shirika la Afya lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufa. Mkaguzi anapoingia kwako, hao ndio anaowawaza.

Hatua ya 1: Itafute fomu anayoitumia mkaguzi

Nenda ofisi ya afya ya jiji lako, au tovuti yake, uulizie fomu ya ukaguzi wa sehemu za kuuzia chakula. Kwa kawaida si siri. Ukishaipata, usiisome kama orodha ya usafi. Isome kwa kuangalia uzito wa kila kosa. Jijini New York, kila kosa linaongeza alama: mkahawa wenye alama 0 hadi 13 unapata A, 14 hadi 27 unapata B, na kuanzia 28 ni C. Los Angeles, iliyoanza kubandika herufi kwenye milango ya mikahawa mwaka 1998, hesabu inakwenda kinyume: unaanza na 100 na kukatwa, na A ni ya waliobaki na 90 au zaidi. Uingereza hutumia namba, kuanzia 0 hadi 5, na huko Wales mkahawa unalazimika kuibandika namba yake mlangoni tangu mwaka 2013.

Mifumo hii yote inatenganisha makosa ya aina mbili. Yapo yanayoweza kumlaza mtu hospitali: nyama isiyoiva, mpishi mwenye kuharisha, chakula kilichokaa kaunta saa nyingi. Yapo pia ya hali ya jengo, kama kigae kilichovunjika au balbu isiyo na kinga. Chukua kalamu nyekundu uyazungushie yale ya aina ya kwanza. Hapo ndipo muda na fedha zako zitakapokwenda kwanza.

Zungushia pia mambo yanayofunga mkahawa siku hiyohiyo. Kwa kawaida ni kukosa maji, maji taka kurudi ndani, panya au mende waliozagaa jikoni, umeme kukatika huku chakula kikiharibika, na dalili kwamba wateja wanaugua kwa chakula chako. Lolote kati ya haya likitokea, funga mwenyewe kabla hujafungiwa.

Hatua ya 2: Karatasi zote kwenye faili moja

Leseni ya biashara, kibali cha afya, vyeti vya afya vya wahudumu pale vinapotakiwa, vyeti vya mafunzo ya usalama wa chakula, mkataba na ripoti za fundi wa wadudu, risiti za wanaokuletea nyama, samaki na maziwa, na majibu ya maabara kama unatumia maji ya kisima. Faili likae mkahawani, si nyumbani kwa mwenye mkahawa, na kila msimamizi wa zamu ajue liliko.

Karatasi ya juu kabisa iwe ripoti ya ukaguzi uliopita. Mkaguzi ana nakala yake, na kosa lililojirudia hulichukulia vingine kabisa. La kwanza huenda lilikuwa bahati mbaya. La pili linamwambia kwamba hukulitilia maanani.

Hatua ya 3: Joto, hapa usiwe na haraka

Kama ungekuwa na wiki moja tu ya kujiandaa, ningekwambia siku nne uzitumie hapa. Bakteria wengi wanaoleta ugonjwa huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Mipaka ya kisheria inapishana kidogo: kanuni za mfano za Marekani zinataka chakula cha baridi kikae kwenye 5 au chini na cha moto kwenye 57 au juu, ilhali Uingereza mpaka ni 8 kwa baridi na 63 kwa moto. Mimi nashauri ujiwekee lengo kali kuliko sheria: baridi isizidi 4, moto usishuke chini ya 65. Hiyo nafasi ya ziada ndiyo itakayokuokoa saa ya mchana, mlango wa jokofu unapofunguliwa kila baada ya nusu dakika.

Nunua kipimajoto cha kuchomeka, ikiwezekana viwili, na ukihakiki kila wiki. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, kisha chomeka ncha katikati bila kugusa glasi. Kinapaswa kusoma 0. Unaweza pia kukihakiki kwa maji yanayochemka, lakini kumbuka kwamba maji huchemkia 100 usawa wa bahari tu. Ukiwa kwenye miinuko huchemka chini ya hapo. Usiitegemee namba inayowaka kwenye mlango wa jokofu. Hiyo ni hewa ya sehemu moja ya jokofu, na mkaguzi atapima chakula chenyewe, hasa kile kilichowekwa karibu na mlango.

Kwa kupika, pima kwenye kiini, yaani sehemu nene kuliko zote, mbali na mfupa. Kuku afike 74, na nyama ya kusaga ufikishe angalau 71. Nyama ya kusaga inahitaji uangalifu kuliko kipande kizima kwa sababu bakteria waliokuwa juu ya nyama wamechanganywa hadi ndani. Mwaka 1993 nchini Marekani, nyama ya kusaga isiyoiva vizuri iliyouzwa kwenye mikahawa ya kampuni moja yenye matawi mengi iliambukiza mamia ya watu bakteria wa E. koli, na watoto wanne wakafa. Kanuni nyingi za huko zilikazwa baada ya msiba huo.

Sasa tuje kwenye kupoza, ambako hata wapishi hodari huanguka. Chakula kikishaiva watu hudhani hatari imekwisha. Haijaisha. Bakteria kama Clostridium perfringens na Bacillus cereus hujihifadhi ndani ya mbegu ngumu ambazo moto wa kupikia hauziui. Sufuria kubwa ikiachwa ipoe taratibu juu ya meza, mbegu zile huamka na kuanza kuzaana. Bacillus cereus, anayependa wali, anaweza kutoa sumu inayostahimili moto, kwa hiyo hata ukipasha wali ule hadi uchemke sumu itabaki. Kanuni ya kushika ni hii: chakula kishuke kutoka 57 hadi 21 ndani ya saa 2 za mwanzo, kisha kutoka 21 hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Ukiona saa 2 zimepita na bado kiko juu ya 21, kirudishe motoni hadi 74 uanze upya papo hapo, au ukitupe.

Utaipozaje sufuria ya lita ishirini kwa muda huo? Si kwa kuitumbukiza nzima kwenye jokofu. Humo itapasha kila kilichoizunguka, nayo katikati itabaki na joto hadi usiku. Gawanya chakula kwenye trei pana zisizozidi kina cha sentimita 5. Mchuzi uweke kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sinki la barafu, ukoroge mara kwa mara. Nyama nzima ikate vipande. Acha mfuniko wazi kidogo mpaka kipoe, kisha funika, bandika tarehe na saa.

Viporo vipashwe hadi 74 haraka, ndani ya saa 2, kwenye jiko. Ile meza ya kuweka chakula moto haikutengenezwa kwa kupasha. Kazi yake ni kulinda joto lililokwisha kupatikana. Nyama iliyoganda iyeyushie ndani ya jokofu kuanzia usiku uliotangulia, au chini ya maji baridi yanayotiririka. Juu ya meza, hapana.

Hatua ya 4: Mikono na afya ya wanaopika

Mwanzoni mwa karne iliyopita jijini New York alikuwepo mpishi aitwaye Mary Mallon. Hakuwa na homa wala dalili yoyote, lakini alibeba bakteria wa taifodi, na familia alizopikia ziliugua moja baada ya nyingine. Aligunduliwa mwaka 1907, akatengwa, akaachiliwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena. Akarudi kupika, safari hii hospitalini, kwa jina jingine, na watu wakaugua tena. Namhurumia mama yule. Kupika ndiyo kazi iliyokuwa ikimpa riziki, naye alijiona mzima. Kisa chake kinaonyesha kwa nini afya ya mfanyakazi haiwezi kuachiwa hisia zake mwenyewe.

Andika kanuni fupi ya ugonjwa, isomwe na kusainiwa na kila mtu: mwenye kutapika, kuharisha, macho kugeuka manjano, au kidonda chenye usaha mkononi, anamwambia msimamizi kabla hajagusa chakula. Aliyetapika au kuharisha asirudi jikoni mpaka saa 48 zipite tangu dalili ya mwisho. Hapa nitasema jambo ambalo wenye mikahawa hawalipendi: usipomlipa mtu siku ya ugonjwa, atakuja kazini akiumwa na kukuficha. Malipo ya siku mbili ni kidogo sana ukilinganisha na norovirusi, virusi vya kutapika na kuharisha, iliyoingia kwenye saladi ya wateja mia.

Kisha sinki la kunawia mikono. Simama mbele yake sasa hivi, kama umo jikoni. Je, limezibwa na ndoo? Kuna mtu ameloweka mboga humo? Sabuni ipo, maji yanatoka, taulo za karatasi zipo? Sinki hilo ni la mikono peke yake, na linatakiwa lifikike bila kuhamisha kitu. Kunawa kwenyewe kuchukue sekunde 20 hivi, kwa sabuni, na kukauka kwa karatasi. Jeli ya pombe haichukui nafasi ya sabuni na maji, norovirusi huistahimili. Glavu nazo zinachafuka kama mkono unavyochafuka: aliyeshika kuku mbichi kwa glavu kisha akashika mkate kwa glavu ileile amehamisha vijidudu vilevile. Zivuliwe, mikono ioshwe, zivaliwe nyingine.

Hatua ya 5: Kibichi kisikutane na kilichoiva

Panga jokofu kutoka juu kwenda chini kwa kufuata joto ambalo kila kitu kitapikiwa. Juu kabisa kiwe chakula kilicho tayari kuliwa, chini yake samaki, kisha vipande vizima vya nyama, kisha nyama ya kusaga, na kuku mbichi awe chini ya wote. Hivyo kikidondoka kitu, kitadondokea chakula ambacho moto wake utakuwa mkali zaidi. Kuku asioshwe sinkini. Maji yanaporuka hutawanya bakteria wa Campylobacter juu ya meza na vyombo, ilhali moto ungewaua bila shida.

Tenga vibao vya kukatia kwa rangi, na vilivyojaa mikwaruzo virandwe au vitupwe. Vyombo vipitie hatua tatu: kuosha kwa sabuni, kusuuza, kisha kuua vijidudu. Kama unatumia klorini, kiwango cha kawaida kwa vyombo ni sehemu 50 hadi 100 kwa milioni, na unakijua kwa karatasi za kupimia, si kwa pua. Ikizidi inaacha sumu kwenye vyombo. Ikipungua unasuuza kwa maji tu. Vitambaa vya kufutia meza vikae ndani ya ndoo ya dawa, visining'inie begani.

Suala la mzio limepanda uzito sana miaka hii. Umoja wa Ulaya unataka mikahawa itaje vyakula 14 vinavyoleta mzio. Marekani inavitambua 9, ufuta ukiwa umeongezwa mwaka 2023. Andika kwa kila chakula kilichomo ndani yake, hadi kwenye sosi, na umfundishe mhudumu sentensi moja: "Ngoja nikaulize jikoni." Asikisie kamwe. Karanga kidogo tu zinaweza kumuua mtu mezani pake.

Hatua ya 6: Wadudu na panya

Zunguka usiku ukiwa na tochi, saa moja baada ya kufunga, taa zikiwa zimezimwa. Tazama nyuma ya friza, chini ya mashine ya barafu, kwenye mpira wa mlango wa jokofu, stoo nyuma ya magunia. Unatafuta kinyesi, alama za kutafuna, mafuta yaliyopakazwa ukutani na manyoya ya panya anapopita. Panya mdogo hupenya tundu la milimita 6, upana wa penseli tu, kwa hiyo ziba mabomba yanapopita ukutani na weka brashi chini ya mlango wa nyuma. Magunia na makasha yakae juu ya rafu, angalau sentimita 15 kutoka sakafuni. Dawa ya wadudu usiipulize mwenyewe jikoni. Mwite fundi mwenye kibali, na ripoti yake uiweke kwenye lile faili.

Hatua ya 7: Daftari linalosema ukweli

Mfumo wa HACCP, yaani kuchambua hatari na kudhibiti maeneo nyeti, ambao sheria nyingi sasa zinauegemea, ulizaliwa miaka ya 1960 kampuni ya Pillsbury ilipokuwa ikiandaa chakula cha wanaanga wa NASA, shirika la anga la Marekani. Walitaka uhakika kwamba mwanaanga hataharisha angani, na wakaona kupima chakula mwishoni hakutoshi. Inabidi kuyajua maeneo machache ambapo mambo yanaweza kuharibika na kuyachunga hayo njiani. Kwa mkahawa, maeneo hayo kwa kawaida ni kupokea, kuhifadhi baridi, kupika, kupoza, kupasha na kuweka moto. Kila eneo lipewe kikomo, mtu wa kupima, saa ya kupima, na maelezo ya nini kifanyike kikomo kikivukwa.

Nimepitia madaftari ambayo kila siku, asubuhi na jioni, jokofu limeandikwa 4, 4, 4, 4, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, mwezi mzima. Mkaguzi mzoefu analijua daftari la namna hiyo kabla hajafungua ukurasa wa pili, na kuanzia hapo hakuamini kwa lolote. Daftari zuri lina mabaka. Lina siku jokofu liliposoma 9, na pembeni pameandikwa: maziwa yametupwa, nyama imehamishiwa friza, fundi amekuja saa nane, mpira wa mlango umebadilishwa. Maandishi kama hayo hukuletea heshima, kwa sababu yanaonyesha unaona na unachukua hatua. Waambie wafanyakazi wako waziwazi kwamba hakuna atakayekaripiwa kwa kuandika namba mbaya.

Hatua ya 8: Jikague kwanza

Beba fomu ile ya hatua ya 1, kipimajoto na tochi, na fanya ukaguzi saa mkahawa umefurika, bila kumwarifu mtu. Bora zaidi mwombe mtu asiyefanya kazi hapo. Macho yaliyozoea jiko hayaioni ndoo iliyoziba sinki. Fuata njia ya chakula: mlango wa kupokelea, stoo, jokofu, meza ya maandalizi, jiko, kaunta, kisha takataka. Ongea na wafanyakazi pia, kwa sababu mkaguzi ataongea nao. Muulize mpishi kuku anaiva kwa nyuzi ngapi, na muosha vyombo dawa inachanganywaje. Asipojua, fomu ina nafasi ya kosa hilo pia.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Ukaguzi mwingi hauna taarifa. Mkaguzi akifika, mwombe kitambulisho kwa heshima. Ukiwa na shaka, piga simu ofisini kwao kwa namba unayoijua wewe, si anayokupa yeye. Wapo matapeli wanaojifanya wakaguzi na kudai faini ya papo hapo. Faini halali huwa na karatasi na hulipwa kwa njia rasmi yenye risiti. Na usimpe mkaguzi wa kweli chochote, hata chakula cha bure. Unajiingiza kwenye kosa la jinai, na unamharibia kazi mtu anayewalinda wateja wako.

Tembea naye. Akipima, pima na wewe pembeni yake. Anachokitaja kiandike. Kinachoweza kurekebishwa palepale kirekebishe mbele yake, kama kujaza sabuni au kutupa chakula kilichopitiliza. Mara nyingi ataandika kwamba kimerekebishwa. Usifiche kitu, na usimwache mtu akimbize trei mlango wa nyuma. Usipoelewa kosa, uliza kifungu gani kimevunjwa na kinatimizwaje. Akichukua sampuli, omba hati inayoeleza amechukua nini, saa ngapi na kikiwa na joto gani. Kabla ya kusaini ripoti isome yote. Kwa kawaida saini yako inathibitisha kwamba umeipokea, lakini hakikisha maneno yanasema hivyo.

Hatua ya 10: Baada ya hapo

Kaa na timu yako siku hiyohiyo, ripoti ikiwa mezani. Kwa kila kosa, tafuta chanzo chake. Chakula kimekutwa na nyuzi 12 si kwa sababu mpishi ni mzembe. Huenda jokofu ni dogo kuliko mauzo yako, au limepangwa likajaa hadi hewa haipiti. Rekebisha, piga picha zenye tarehe, ongeza kwenye faili.

Ukiona ripoti imekosea, kata rufaa kwa maandishi. Muda wa kufanya hivyo huwa mfupi na umeandikwa kwenye ripoti yenyewe, kwa hiyo uutafute siku ya kwanza. Peleka daftari, picha na risiti.

Mkahawa ukifungiwa, usiiguse notisi iliyobandikwa mlangoni. Tupa chakula chote kilichohusika ukiandika aina na kiasi, safisha kuanzia dari kwenda chini, lete fundi wa kile kilichosababisha, kisha waite wafanyakazi wote uwafundishe upya wakiwa jikoni, kipimajoto mkononi. Siku mambo yakiwa tayari, jikague tena mwenyewe kwa fomu ileile, na ukishapita ndipo upige simu kuomba mkaguzi arudi.